Unywele Mmoja kwa Ajili ya Dunia

Tukimsema mtu kuwa mbinafsi, aghalabu tunahesabu alichojilimbikizia: viwanja alivyohodhi, fedha za umma alizotia mfukoni, urithi wa yatima alioukalia. Jicho letu hukimbilia kwenye wingi. Wakantoni, watu wa Guangzhou, Hong Kong, Macau na sehemu kubwa ya jimbo la Guangdong kusini mwa China, wana nahau inayolitazama jambo hilo kutoka upande wa pili. Haiulizi mtu amechukua kiasi gani. Inauliza amekataa kutoa kitu kidogo kiasi gani, na jibu lake ni unywele mmoja.

Nahau yenyewe huandikwa kwa herufi nne, 一毛不拔, na Wakantoni huitamka *jat mou bat bat*. Moja, unywele, si, ng'oa. Hang'oi hata unywele mmoja. Wachina wote wanaimiliki, na wasemaji wa Kimandarini huitamka *yi mao bu ba*, kwa sauti laini inayoteleza. Kikantoni kimetunza konsonanti za mwisho za Kichina cha kale ambazo Kimandarini kilizipoteza zamani, na kwa hiyo silabi tatu kati ya hizo nne huishia na *t* isiyoachiwa: ulimi unapanda, unagusa ufizi, unabaki hapohapo, na pumzi inakatika. Sisi wa Kiswahili, tuliozoea silabi inayomalizikia kwenye irabu, tunaona shida kuikata sauti namna hiyo. Tunatamani kuitilia *i* au *u* ili ipumue. Toni nazo hupanda na kushuka: *jat* juu, *mou* chini, *bat* ya kwanza juu, *bat* ya pili chini. Hizo *bat* mbili hutofautiana kwa toni tu. Ya juu ni kukanusha, ya chini ni kung'oa. Pumzi inazuiwa mara tatu ndani ya maneno manne, na kuzuia ndiyo maana yote ya nahau.

Haya si maneno ya jikoni. Mkantoni akikanusha jambo katika mazungumzo husema *m*, kwa midomo iliyofumbwa. Ile *bat* ya kukanusha ni ya vitabuni. Akizungumzia kung'oa unywele husema *mang*. *Bat* ya kung'oa nayo ni ya maandishi. Kwa hiyo anayesema *jat mou bat bat* amevaa kanzu na joho. Nahau hii utaikuta katika tahariri ya gazeti, katika insha ya mwanafunzi wa sekondari, katika hotuba ya mtu anayepima maneno yake. Dada akimlalamikia kaka yake aliyekwepa kulipia chai atasema kaka huyo ni *gu hon*, bahili. Akikasirika zaidi atamwita *gu hon gwai*, mzuka wa ubahili. Maneno hayo yanauma, kisha yanapita. Herufi nne zile ni hukumu, na hukumu haitolewi ovyo.

Ili tujue hukumu hiyo ilitoka wapi, inatubidi turudi nyuma zaidi ya miaka 2,300, zama zile wanahistoria wanazoziita za Madola Yanayopigana. China ilikuwa imegawanyika katika falme zilizokuwa zikimezana. Watawala walihitaji askari, nafaka, vibarua wa kujenga kuta na kuchimba mitaro, na walimu waliokuwa wakizunguka kutoka baraza moja hadi jingine walikuwa na swali moja kubwa mbele yao: mtu anadaiwa nini na dunia? Mmoja wao alikuwa Yang Zhu. Hakuacha kitabu. Tunachokijua juu yake kimetujia kupitia kwa wengine, na wengi kati yao walikuwa wapinzani wake. Mpinzani mkubwa kuliko wote alikuwa Mengzi, mwalimu wa Kikonfusio wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliyelalamika kwamba mafundisho ya Yang Zhu na ya mtu mwingine, Mozi, yameijaza dunia hata watu hawana mahali pengine pa kusimama. Mengzi ndiye aliyemchora Yang Zhu kwa mchoro ambao haukufutika: mtu ambaye, hata kama dunia yote ingenufaika kwa unywele wake mmoja, asingeung'oa. Mozi alimchora kinyume chake: mtu ambaye angekubali kusagika kuanzia utosini hadi visiginoni, mradi dunia inufaike.

Neno *mou* lina tumbo pana. Linabeba manyoya ya mnyama, unyoya wa ndege na laika la mwilini. Hanfeizi, mwanafikra aliyekuja baada ya Mengzi, anaposimulia habari za watu wenye msimamo wa namna hiyo, anaitaja sehemu ya mwili waziwazi: laika moja la muundi. Kwa msomaji wa leo muundi ni muundi tu. Kwa wasikilizaji wa zama zile ulikuwa na historia. Kila mtu alimjua Yu Mkuu, mfalme wa masimulizi ya kale aliyeyatiisha mafuriko. Ilisimuliwa kwamba alitembea majini na matopeni miaka mingi akichimba njia za mito, akapita mbele ya mlango wa nyumba yake bila kuingia, na miguu yake ikasuguliwa na maji hata malaika ya miundi yakaisha kabisa. Basi yule aliyekataa kutoa laika moja la muundi alikuwa anapimwa na mtu aliyeyatoa yote. Kipimo hakikuokotwa tu njiani.

Kama habari ingeishia hapo, Yang Zhu angebaki mfano wa ubinafsi na sisi tungeitumia nahau kwa dhamiri safi. Lakini kimo kitabu kingine, *Liezi*, ambacho wataalamu wengi wanaona kilipata umbo lake karne nyingi baada ya Yang Zhu, na ndani yake imo sura inayompa nafasi ya kusema. Humo Qin Guli, mwanafunzi wa Mozi, anamwendea na swali la moja kwa moja: kama kwa kutoa unywele mmoja wa mwili wako ungeiokoa dunia, ungeutoa? Yang Zhu anajibu kwamba dunia haiwezi kuokolewa na unywele mmoja. Qin Guli anamshikilia: tuseme inawezekana, je, ungeutoa? Yang Zhu ananyamaza.

Ukimya huo ungeweza kusomwa kama kushindwa. Lakini Qin Guli anapotoka nje anakutana na mwanafunzi wa Yang Zhu aitwaye Mengsun Yang, na huyu anamgeuzia swali. Ungekubali kuchunwa ngozi kidogo ili upate vipande elfu kumi vya dhahabu? Ningekubali, anasema Qin Guli. Ungekubali kukatwa kiungo kimoja ili upate ufalme mzima? Sasa Qin Guli ndiye anayenyamaza. Mengsun Yang anamweleza: unywele ni mdogo kuliko ngozi, na ngozi ni ndogo kuliko kiungo, hilo halina ubishi. Lakini nywele zikikusanyika hufanya ngozi, na ngozi ikikusanyika hufanya kiungo. Unywele ni sehemu moja katika elfu kumi za mwili. Ni nani aliyetoa ruhusa ya kuudharau?

Mimi nimelirudia jibu hilo mara nyingi, na kila nikilirudia naona lina nguvu kuliko Mengzi alivyotaka tuamini. Anayetoa hoja hii amewahi kuona kitu. Ameona jinsi mwenye mamlaka anavyoanza na dogo ili kukuzoesha kutoa. Leo anaomba siku moja ya kazi ukutani, kesho msimu mzima, keshokutwa mwanao wa kwanza. Mwaka 1645 utawala mpya wa Qing uliwaamuru wanaume wa China wanyoe sehemu ya mbele ya kichwa na kusuka mkia mmoja nyuma, na aliyekataa alikatwa kichwa. Serikali ilikuwa imeomba nywele kwa maana halisi kabisa. Watu walikufa kwa kukataa, na hakuna aliyewaona wabinafsi. Walijua kwamba kinachodaiwa ni zaidi ya nywele. Karne mbili na nusu baadaye, mwaka 1895, Sun Yat-sen, mwana wa Guangdong, alikata mkia wake akiwa uhamishoni Japani, na kitendo hicho cha kinyozi kikawa tangazo la uasi.

Sura ile ya *Liezi* ina jambo la pili ambalo nahau imelitupa kabisa. Yang Zhu anasifu watu wa kale ambao wasingetoa unywele mmoja kwa faida ya dunia, na ambao pia wasingeipokea dunia nzima kama wangepewa iwe yao. Kila mtu asipoteze unywele, na kila mtu asijinufaishe kwa dunia. Hapo, anasema, dunia itatulia. Ni mafundisho ya mtu aliyechoshwa na wafalme wanaozichoma nchi moto kwa jina la kuziokoa. Kukataa kutoa kumefungamanishwa na kukataa kutwaa. Wabahili wa zama zetu wameshika nusu ya kwanza wakaiacha ya pili: hawang'oi unywele, lakini dunia wanaipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo nahau imemwonea mtu aliyeizaa. Hilo naliamini. Hata hivyo siamini kwamba nahau yenyewe ni ya uongo. Imetoka katika ugomvi wa wanafalsafa, ikapita midomoni mwa watu wengi, na huko ikapata matumizi ambayo Mengzi hakuyapanga. Wakantoni wa leo wanaitumia kwa ustadi ambao una hekima ndani yake, na ustadi huo unafaa kutazamwa kwa karibu.

Kwanza, wanatofautisha. Kikantoni cha maandishi kina nahau kadhaa za herufi nne juu ya ubinafsi, na hazipishani ovyo. *Zi si zi lei* humsema mtu ambaye moyo wake wote umeelekea kwake mwenyewe. Ni hukumu juu ya nia. *Syun jan lei gei* humsema anayewadhuru wengine ili yeye afaidike; ni hukumu juu ya mkono unaotwaa. *Jat mou bat bat* humsema asiyetoa. Ni hukumu juu ya mkono uliofumbwa. Mfanyabiashara anayeuza maziwa yaliyochakachuliwa haitwi kwa nahau ya unywele, hata kama ni bahili kupindukia, kwa sababu kosa lake ni jingine. Mwandishi anayechanganya hizi tatu anaonekana hajakomaa, na kusema kweli hajafikiri. Ubinafsi wa nia, wa kutwaa na wa kuzuia ni maradhi tofauti, na dawa zake hazifanani.

Pili, wanataja uwezo kabla ya kutaja unyimivu. Katika maandishi nahau hii mara nyingi huja baada ya nusu ya kwanza inayoeleza mali. *Gaa coi maan gun, koek jat mou bat bat*: nyumbani kwake kuna mikufu elfu kumi ya sarafu, lakini hang'oi hata unywele. *Gun* ni ule mkufu wa sarafu za zamani zenye tundu katikati, zilizotungwa elfu moja kwa uzi mmoja. *Koek* ni "lakini" ya maandishi, na uzito wa sentensi nzima unakaa juu yake. Bila hiyo nusu ya kwanza lawama inakosa pa kusimamia. Mtu asiye na kitu hawezi kuwa *jat mou bat bat*. Huyo ni maskini tu, na lugha ina maneno mengine ya kumzungumzia, yenye huruma.

Tatu, nahau haitiwi chumvi. Huwezi kuweka "sana" mbele yake. Masikio ya Mkantoni yatakataa. Imeshafika mwisho wa kipimo, na baada ya unywele mmoja hakuna kitu kidogo zaidi cha kunyimwa. Unaweza kuifanya kivumishi kwa kuongeza *ge*, ukasema *jat mou bat bat ge jan*, mtu wa kutong'oa hata unywele. Unaweza kuonyesha anayenyimwa: kwa nafsi yake ni mkarimu mno, kwa wenzake hang'oi hata unywele. Lakini herufi nne zenyewe hazigawanywi wala hazipunguzwi.

Nne, na hapa adabu ya Kikantoni inaonekana, haisemwi usoni kwa mtu. Katika nyumba za chai, wazee wakimaliza maandazi yao ya mvuke, huanza ugomvi wa kulipa. Kila mmoja ananyoosha mkono kuinyakua ile karatasi ya hesabu, mmoja anasukuma noti ya mwenzake, mwingine ameshamlipa mhudumu kwa siri alipokwenda msalani. Kulipa bili huitwa *maai daan*, na kugombania kulipa ni heshima. Asiyewahi kunyoosha mkono anaonekana na wote, na hakuna anayemwambia neno. Kumtamkia *jat mou bat bat* mezani kungekuwa kumvua nguo, na aibu hiyo ingewaangukia hata wanaosikia. Kinachoandikwa gazetini juu ya tajiri ambaye mwandishi hamjui, hakisemwi mbele ya binamu.

Mchezo kama huo uko katika desturi ya *lai si*, bahasha nyekundu za mwaka mpya wa Kichina. Waliooa na kuolewa huwapa wasiooa bado, watoto wa jamaa, na pia mlinzi wa jengo, mfagiaji wa ngazi, mhudumu wa mgahawa wanaomjua. Ndani kunaweza kuwa na noti moja tu ya dola 20 za Hong Kong, kiasi ambacho hakimfanyi mtu tajiri wala maskini. Bahasha ile inathibitisha kwamba mtoaji amemwona mpokeaji. Mlinzi aliyefungua mlango mwaka mzima anajua ni ghorofa ya ngapi iliyompita bila kumtazama, na hahitaji herufi nne kulieleza.

Lakini mahali ninapoona unywele wenyewe ukiombwa kila wiki ni katika mitaa ya Hong Kong siku ya Jumamosi asubuhi. Wanafunzi, watoto na wazazi wao, na wazee waliojitolea husimama kwenye milango ya vituo vya treni za chini ya ardhi na penye vivuko vya barabara, kila mmoja na mfuko wa kitambaa begani na karatasi yenye vibandiko vidogo mkononi. Wenyeji wanasema *maai kei*, kuuza bendera, ingawa siku hizi bendera yenyewe ni kibandiko tu. Shirika la hisani lililopewa zamu ya siku hiyo linachangisha. Unatia sarafu mfukoni mwao, yoyote ile. Mtoto anabandua kibandiko na kukubandika kifuani. Hakuna anayetazama umetia ngapi. Sarafu ndogo kuliko zote ni ya senti kumi, *hou* moja, na herufi inayoiandika imejengwa juu ya ile ile ya *mou*, kwani maana yake ya asili ni unywele mwembamba. Mpita njia anayeitoa ameng'oa unywele, kwa namna iliyo karibu kabisa na maneno ya Mengzi.

Tazama jinsi kibandiko kinavyofanya kazi. Aliyekwisha kutoa anatembea nacho siku nzima, na watoto wa kona ya pili wanamwona wanampisha. Asiyetoa naye anapita. Kifua chake ni kitupu, lakini kifua kitupu hakisemi kwa nini. Huenda ametoka kazini usiku. Huenda aliitoa sarafu yake ya mwisho kwa mtu mwingine. Desturi imemwachia nafasi ya kutojieleza, na ninaiheshimu kwa sababu hiyo. Inaomba kidogo kiasi kwamba karibu kila mtu anaweza, haimfuati anayekataa, na haiongezi dau kwa aliyekubali. Wasiwasi wa Mengsun Yang juu ya unywele unaokuwa ngozi, kisha kiungo, umepata jibu hapa: mwombaji mwenyewe amejiwekea mpaka.

Hong Kong ina historia ndefu ya unywele uliokusanyika ukawa kitu. Hospitali ya Tung Wah ilianzishwa mwaka 1870 kwa michango ya wafanyabiashara wa Kichina, wakati ambapo maskini wa kisiwa hicho waliokuwa wakifa walikuwa wanapelekwa kwenye hekalu dogo kungojea mwisho wao karibu na majeneza. Taasisi hiyo iliwatibu kwa dawa za Kichina, ikawazika wasio na jamaa, na baadaye ikashughulika na kuirudisha mifupa ya Wakantoni waliofia California, Australia na kwingineko, ili izikwe kijijini kwao. Matajiri waliotoa majina na fedha zao pale walipata heshima, na bila shaka wengine waliitafuta heshima hiyo. Mifupa ilifika nyumbani vilevile.

Ipo pia nahau ndogo inayocheza nyuma ya hii kubwa. Wakantoni na Wachina wengine humwita mtu wa aina hii *tit gung gai*, jogoo wa chuma. Ni kitendawili cha vipande viwili: unasema jogoo wa chuma, msikilizaji anamalizia mwenyewe kimoyomoyo kwamba hang'oleki hata unyoya mmoja. Sisi tuna mkono wa birika, mkono ulioganda mahali pake, usionyooka kumpa mtu. Watu wa pwani mbili zilizo mbali hivyo, walipotaka kumchora mchoyo, wote waliona chuma. Walikuwa wameona jambo moja: kwamba kuzuia kukizoeleka, mwili wenyewe unapoteza uwezo wa kutoa. Jogoo yule si kwamba anaamua kila asubuhi kutotoa unyoya. Hana unyoya wa kutoa tena. Alishakuwa kitu kingine.

Wazo hilo ndilo lililo ndani ya hadithi fupi iliyomo katika vitabu vya zamani vya vichekesho vya Kichina, na ambayo mimi naisoma kwa uzito wote. Nyani alikufa, akafikishwa mbele ya mfalme wa kuzimu, ambaye Wakantoni humwita *Jim Lo Wong*, naye akaomba azaliwe tena akiwa binadamu. Mfalme akamwambia ombi lake linawezekana, ila binadamu hana manyoya, kwa hiyo lazima ang'olewe yote. Watumishi wakaanza. Unywele wa kwanza ulipong'oka, nyani akapiga ukelele kwa maumivu. Mfalme akamwambia: hutaki kutoa hata unywele mmoja, utakuwaje mtu?

Swali hilo halihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili. Sisi tunaoamini kwamba mtu ni utu tunajua alichokuwa anaulizwa yule nyani. Ubinadamu aliuomba kama zawadi, akaambiwa una gharama, na gharama yenyewe inaanza na maumivu madogo. Mfalme hakumdai kiungo. Hakumdai hata ngozi. Alimdai kile ambacho kila kiumbe anayetaka kuishi na wenzake anadaiwa, tena kwa jambo alilolitaka mwenyewe. Hapo nahau inapata haki yake yote, na Yang Zhu mwenyewe, nadhani, asingekuwa na la kupinga.

Mengzi, katika maneno yale yale alipowashutumu Yang Zhu na Mozi, alimtaja na mtu wa tatu, Zimo, aliyeshika njia ya katikati. Mtu angetarajia amsifu bila masharti. Badala yake alisema kushika katikati bila kupima ni sawa na kung'ang'ania upande mmoja. Neno alilolitumia kwa kupima ni lile la jiwe la mizani, linalosogezwa huku na huku kwenye mkono wa mizani hadi ulingane na mzigo. Naona hilo ndilo fundisho ambalo nahau ya unywele ilipaswa kulibeba tangu mwanzo, na ambalo kila anayeitumia anaweza kulirudisha.

Kabla ya kumsema mtu, au kumwandika, kwamba hang'oi hata unywele, yapasa kupima mambo matatu. Je, kinachoombwa ni unywele kweli kwa huyu anayeombwa? Sarafu ya *hou* ni unywele kwa mwenye duka na ni ngozi kwa mzee anayeokota makaratasi ya kuuza kwa kilo. Je, anayeomba ana mpaka, au unywele wa leo ni mlango wa kiungo cha kesho? Mtawala anayewaita raia wabinafsi kwa sababu wamechoka kutoa, hali yeye anapokea dunia yote, hana haki ya kuitamka nahau hii. Yeye ndiye wa kutamkiwa. Na je, mimi ninayesema, nimeng'oa wangu? Wanafunzi wanaosimama Jumamosi na mifuko yao wana haki ya kulisema neno hili kuliko mhariri aliyeketi.

Mambo hayo matatu yakitimia, nahau isemwe, na isemwe bila kumumunya. Wako wenye mikufu elfu kumi ambao shule iliyo kando ya ukuta wao inavuja na hawajapeleka bati moja. Wako wenye elimu ambao hawajampa kijana mmoja saa moja ya kumwelekeza. Wako wenye vyeo ambao sahihi yao, isiyowagharimu kitu, imemchelewesha mjane miaka. Tumejifunza kuwaogopa wezi wakubwa, na ni sawa tuwaogope. Lakini maisha ya watu wengi huharibiwa pia na wale wasiokuwa wezi, ambao walikuwa na kidogo cha kutoa na wakakizuia. Hawa hawashitakiwi popote. Sheria haina kifungu cha unywele. Wakantoni wamewawekea herufi nne, wakazitunza kwa karne nyingi, na wakazifanya nzito ili zisitumike ovyo. Anayeziazima aziazime na uzito wake, awasemee walionyimwa, na awe wa kwanza kutoa.